Maji ya Kilindini Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Juni
Nimekagua chupa asubuhi, kama kawaida. Vizibo vimekaza, foili ya kuzuia mwanga haijachanika. Juni ya Newala inafanya kazi ya friji bure. Mashine ya maabara Dar bado mbovu, msimamizi kasema nisubiri. Basi nasubiri huku Mkunya, kwa Mama, na maji niliyoyatoa kilindini Ziwa Nyasa, kule ambako oksijeni haifiki. Vimo vijidudu vinavyopumua naitreti badala ya oksijeni, na kuigeuza naitrojeni, hewa hii hii iliyotuzunguka. Hewa ya juu ikiingia, vinaacha kazi hiyo. Shahada yangu yote imo kwenye hizo chupa.

Jumatano, 5 Juni
Mama kauliza tena naolewa lini. Kukwepa, nikamweleza habari za vijidudu. Jinsi tunavyojaza chupa mpaka maji yafurike, kisibaki hata kiputo kimoja cha hewa. Akauliza kama vina uhai. Vinao. Kama vinaona mwanga. Havioni. Akaendelea kumenya muhogo. Tangu Baba afariki anaishi peke yake, mlango wa mbele wazi tangu alfajiri hadi giza. Sijawahi kumuuliza kwa nini.

Ijumaa, 7 Juni
Wanapuliza salfa kwenye mikorosho, kijiji kizima kinanuka. Niliosoma nao wana watoto sasa. Tunasalimiana vizuri, kisha kila mtu anashika njia yake. Ziwani, usiku, sikuwa mpweke hivi.
Jioni ujumbe: mashine imepona. Kesho Masasi, kukata tiketi na kununua deli la barafu. Jumatatu naondoka.

Jumamosi, 8 Juni
Nimerudi na deli langu. Chupa zote nimezikuta barazani, zimepangwa vizuri, vizibo kando.
Ni Mama. Alikuwa anafagia chini ya kitanda, kizibo kimoja kikalegea, akasikia harufu kama ya salfa. Kwetu maji ya mvua yakinuka tangini hayamwagwi. Unafunua mfuniko, yanapigwa upepo kutwa, yanakaa sawa. Akafungua zote.
"Nimewafungulia wapumue, mwanangu," akasema. "Wamefungiwa gizani, peke yao."
Nilipiga kelele. Nilimwambia ameniharibia maisha. Mama Fadhili, jirani, alikuja mpaka uani, akageuza.

Jumapili, 9 Juni
Nimempigia msimamizi. Boti haitoki tena mwaka huu. Mwaka umekwenda.
Mama hajala, nami sijala. Nyumba moja, kila mtu chumbani kwake. Mchana aliuliza nyuma ya mlango kama wamekufa. Nikajibu labda. Ukweli ni kwamba wengi wanaweza kuwa hai, kipimo changu tu ndicho hakina maana tena. Nilijua hilo, sikusema. Nilitaka aumie.

Jumatatu, 10 Juni
Naandika stendi ya Masasi. Basi halijatoka.
Asubuhi deli lilikuwa zito, na mimi sikuweka kitu. Nikafunua. Chupa moja, imeoshwa, imejazwa maji ya tangi letu. Yale yanayotakiwa yatufikishe hadi mvua za Desemba. Kizibo kimekaza, foili imekunjwa kwa uangalifu. Nikaigeuza kwenye mwanga kidogo, pale foili ilipoachia. Hakuna hata kiputo kimoja.
Kwa maabara hayana faida yoyote. Hata kwa kulinganishia na maji ya ziwa hayafai.
Nilimwambia hawakufa, Mama. Wengi wao wako hai. Akaitikia kwa kichwa, akajifuta macho na ncha ya kanga. Akauliza majibu ya maji yake atayapata lini. Nikasema nitayaleta mwenyewe, mwezi wa nane.
Bodaboda ilipokata kona niligeuka. Alikuwa ameshaingia ndani. Mlango aliuacha wazi.