Samaki Wanakufa Kila Jumamosi

Butembo, Jumapili alasiri. Ukungu haujatoka tangu asubuhi na baridi imeingia mpaka chini ya blanketi. Nimejifungia chumbani na simu mkononi. Nyumba yote imenyamaza, pompe ya maji ya aquarium peke yake ndiyo inanguruma kule sebuleni.

Samaki wamebaki watatu. Walikuwa tisa.

Ninaandika jambo ambalo nilitaka kulificha hata nafsi yangu.

Aquarium hii, tangi la kioo la samaki, mume wangu Kambale aliileta kutoka Kampala, ameipakata kwenye gari safari nzima kama mtoto mchanga. Poissons rouges tisa, samaki wadogo wa rangi ya chungwa lililoiva. Kambale anafanya kazi Beni na anarudi mwisho wa mwezi tu, donc samaki wakawa kazi yangu. Nilijifunza. Chakula ni kidogo tu, kile kinachoshikika kwa ncha za vidole viwili, asubuhi na jioni. Kinachobaki ninakitoa haraka, maana kikilala chini kinaoza na maji yanaharibika. Kila Jumamosi ninavuta uchafu wa kwenye changarawe kwa mpira, ninatoa robo ya maji na kurudisha maji ya mvua kutoka kwenye citerne, tangi la nje. Maji hayo yanakuwa yamelala ndani ya bidon, dumu la plastiki, jikoni tangu Ijumaa, ili yasiingie na baridi ya nje. Sifongo cha pompe ninakikamulia ndani ya yale maji machafu niliyotoa, kamwe si ndani ya maji safi, maana mule ndani mna vidudu vidogo vizuri ambavyo ndivyo vinasafisha maji.

Mwaka mzima hakufa hata mmoja.

Kisha mama mkwe wangu akaja.

Alikuja miezi miwili iliyopita kutoka Mangina, na mfuko mmoja na kitenge kingine juu ya kile alichovaa, kwa sababu ya vita kule hawalali tena kwa usalama. Nilimpokea vizuri. Nilimpa chumba chenye dirisha. Gracia, binti yangu wa miaka sita, akafurahi kuwa na Mukaka wake nyumbani, bibi wa kumsuka nywele na kumwimbia.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya aquarium muda mrefu, mikono nyuma. Akauliza, "Hawa samaki, batu banabakulaka lini?" Nikamwambia hawaliwi, ni wa kutazama. Alitikisa kichwa tu, akaenda jikoni.

Nilikiweka moyoni kile kichwa kilichotikiswa.

Jumamosi ya tatu tangu afike, nilibadilisha maji mchana kama kawaida, nikaenda mazoezi ya chorale, kwaya ya kanisa, niliporudi jioni samaki wawili walikuwa wanaelea tumbo juu. Nikasema ni bahati mbaya. Wiki iliyofuata hakufa hata mmoja. Nikasahau. Jumamosi nyingine, mmoja. Iliyofuata, mmoja tena. Na nyingine tena, wawili kwa pamoja, mapezi yamekuwa meupe pembeni kama yameunguzwa.

Kila mara Jumamosi. Kila mara mimi niko chorale na yeye yuko nyumbani.

Je, niliwaza kuhusu maji? Hapana. Maji niliyatia mwenyewe, kwa mkono wangu. Mtu haushuku mkono wake.

Nikaanza kuchunguza. Kopo la chakula cha samaki nikalichora mstari wa kalamu kwa ndani ili nione kama litapungua nikiwa sipo. Halikupungua. Lakini asubuhi moja nikaona vipande vyeupe juu ya changarawe. Bugali! Nikamuuliza, naye hakukataa hata kidogo. "Miye ndiye niliwapa," alisema. "Unabapatiaka chakula kidogo sana, Mama Gracia. Kiumbe kinakuangalia hivi na njaa, weye unaona aje?"

Mtu mwingine angecheka. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba anatia vitu mule ndani nikiwa sioni.

Kwetu huku neno sumu halichezewi. Linasemwa polepole, likishasemwa linatembea. Sikulisema wazi, lakini nilianza kuliishi. Niliosha upya sahani alizokwisha kuosha. Sombe, majani ya muhogo, aliyoipika niliionja kwa ncha ya ulimi kwanza. Siku moja alipokwenda kuchukua kuni nyuma ya nyumba, niliingia chumbani mwake na kupapasa mfuko wake. Nilikuta Biblia, sabuni, na picha ya marehemu binti yake Furaha, wifi yangu, aliyekufa mwaka ule wa Ebola kule Mangina. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nimekasirika kwamba sikupata kitu.

Halafu nikamwambia Gracia asile chochote kutoka mkononi mwa Mukaka kama mimi sipo.

Nimeandika. Iko hapo sasa.

Na nikamwambia mtu mwingine. Mama Kavira, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuja kuomba chumvi, nami nikamwonyesha aquarium na kumhesabia Jumamosi. Alishika mdomo tu. Nilijisikia vizuri, kama mtu aliyetua mzigo.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilisema naenda sokoni, nikachukua kikapu, nikaagana na wote. Nilifika kwenye kona pale wanaposimama wenye pikipiki, nikageuka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilipita mlango wa nyuma bila viatu, nikasimama kwenye korido. Uani kulikuwa kunanuka Javel, dawa ya kung'arisha nguo, kama kila Jumamosi, nguo nyeupe zimelowekwa kwenye beseni.

Mama, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, alikuwa jikoni peke yake. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa chupa ndogo, akajaza kofia ya chupa na kumimina ndani ya bidon. Bidon langu. Kisha akalitikisa.

Sikumbuki nilivyofika mlangoni. Ninakumbuka sauti yangu tu.

"Unatia nini mule? Unataka kutuua shiye bote?"

Nilipaza sauti kiasi kwamba Gracia alikimbia kutoka uani. Akasimama kati yetu, akamtazama bibi yake, akaja kujificha nyuma ya sketi yangu.

Mama alinitazama, na niliona anaelewa neno kwa neno. Si samaki tu. Sahani, sombe, mtoto aliyeacha kupokea karanga zake. Alielewa yote pale pale, amesimama na kofia ya chupa mkononi.

Akachukua kikombe, akakijaza kutoka kwenye bidon, akanywa. Alikunja uso kwa ule ukali, lakini alimaliza chote. Kisha akanipa chupa.

"Nusa," akasema.

Ilikuwa Javel.

"Ni dawa ya mayi," akasema. "Furaha alikufa, na miye nilikuwa naoshaka mikono na ile dawa kila siku, mara kumi, na nikabakia. Tangu pale siachake mayi wazi. Ile bidon yako inalalaka wazi kila Ijumaa. Nilisema mutoto atakunywa. Sababu ya Gracia, nikaanza kutia."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Sasa kila kitu kilijipanga. Wiki ile ambayo hakufa samaki, Mama alikuwa anaumwa na hakutoka kitandani. Zile Jumamosi nyingine, nilichukua maji yake yenye dawa na kuwamiminia samaki kwa mkono wangu, nikaenda kuimba nyimbo za Mungu wakati wao wanaunguzwa. Harufu sikuisikia, maana Jumamosi nyumba yote inanuka hivyo. Dawa ile inaua vidudu vibaya na vizuri pamoja, na samaki nao. Yeye angejuaje? Hakuna siku nilimweleza bidon ni la nini. Nilikuwa na miezi miwili ya kumweleza, nikaitumia kumvizia.

Nilimwomba msamaha. Nilisema maneno mengi, mengine kwa Kinande, mengine hata sijui kwa lugha gani. Alisema, "Haina neno," kama mtu anavyowaambia wageni. Akaingia chumbani. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona anakunja nguo na kuzitia mfukoni. Alisema ataenda Musienene kwa mdogo wake.

Mchana aliweka chakula mezani. Alimkatia Gracia kipande cha kiazi, akampulizia kipoe, akamnyooshea. Gracia aliniangalia mimi kwanza. Kisha akaweka mikono chini ya meza.

"Mama alisema hapana," akasema.

Nilikichukua kile kiazi, nikakila mbele yake, nikamwambia mama yake alikosea. Mtoto alinitazama kama mtu anayejaribu kujua ni lini nilisema kweli.

Nilimpigia Kambale simu, nikamweleza yote. Akauliza kitu kimoja: "Ulisema kwa nani?" Nikamwambia, Mama Kavira tu. Akaniita kwa jina langu: "Masika, tu?"

Leo kanisani niliielewa ile "tu." Tulikaa kwenye benchi letu, Mama, Gracia na mimi. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, ambaye sijawahi hata kuzungumza naye, alimwona Mama, akamvuta mtoto wake na kuhamia benchi la nyuma. Kisha mwingine. Wakati wa kusalimiana, mkono wa Mama ulibaki hewani.

Tulipotoka nilimfuata Mama Kavira mpaka barabarani. Nilimwambia nilikosea, ilikuwa Javel, samaki niliwaua mwenyewe. Alinipigapiga bega kwa huruma.

"Javel," akasema. "Eeh. Banasemaka vile. Lakini weye chunga tu mutoto wako."

Nilirudi nyumbani. Huku kwetu watu wamepoteza nyumba kwa neno kama lile. Wengine wamepoteza zaidi ya nyumba.

Saa moja iliyopita Mama alinipikia chai. Niliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshaapa moyoni, nimeshalia, nimeshaomba msamaha. Hata hivyo, kabla ya kunywa, macho yangu yalichungulia ndani ya kikombe.

Yalienda yenyewe. Naye aliona.

Nilikunywa yote, ikaniunguza koo. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama bado ataenda Musienene kwa mdogo wake kama alivyosema jana.

"Hapana," akasema. "Nikienda sasa, batasema nilikimbia. Nitabakia mpaka batu banyamaze."

Akasimama, akaingia chumbani. Nilisikia anatoa nguo mfukoni na kuzirudisha kwenye kabati, moja moja.

Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kuuliza.

Kesho asubuhi nitaanza kwa yule mwanamke wa benchi la nyuma, jina lake nitalijua mlangoni. Nitapita nyumba kwa nyumba, mchana, kila mtu akiona, nikisema ni mimi. Sijui zitakuwa nyumba ngapi. Mama Kavira aliwaambia wangapi, na hao nao waliwaambia wangapi?