Kodi Yangu kwenye Mkopo wa Mwingine

Ipagala, Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Mbinga? Na kifua cha baba mdogo kimetulia? Mimi ni mzima, ila upepo wa huku umenikausha midomo. Wifi Anastazia, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali. Nimeandika kwa kuwa kwenye simu ningeshindwa kumaliza.

Mama, ile nyumba tumeikosa.

Nilikwambia Mama Mwaja, mwenye nyumba wangu, anataka kuuza arudi kwao Mlali akalime alizeti na dada yake. Aliniita akanambia, "Umekaa kwangu kama mwanangu. Sitaki dalali. Nenda benki, nitakusubiri." Ndipo nikakutaka ujiandae kuja, maana nyumba iko tambarare, haina hata ngazi moja, na chumba cha mbele kingekuwa chako. Kwenye vyumba vya uani wangebaki wanafunzi wa chuo, kodi yao isaidie kulipa mkopo.

Kule benki, dada wa mikopo alikuwa mpole. Akaniuliza, "Nyumba ya kuishi mwenyewe au ya kupangisha?" Nikasema kweli: nitaishi na mama, vyumba vya uani nitapangisha. Akaweka kalamu chini.

"Ukiishi mwenyewe tunaangalia mshahara wako tu, kodi ya wapangaji hatuihesabu. Na mshahara wa karani wa shule hautoshi."

"Na cherehani yangu? Nashona sare kila jioni."

"Hela yake haipiti benki, dada."

Nikamwambia basi aandike ya kupangisha. Akasema hapo kodi inahesabiwa, lakini sitaruhusiwa kuishi humo, kianzio, ile hela ya kutanguliza, kinapanda, na wanataka mtu ambaye tayari ana nyumba yake na kipato kingine cha kutosha.

"Yaani niwe na nyumba ndipo nipewe nyumba?"

Akainamisha kichwa. "Masharti haya sikuyatunga mimi."

Nilirudi tena na tena. Kaka Menas alikubali tuombe pamoja, wakasema kahawa yake ni kipato cha msimu. Mama Mwaja alisubiri mpaka mvua zikaanza. Jioni moja akaja kukaa mlangoni kwangu, kanga kaikunja mapajani. "Mwanangu, dada yangu anapanda peke yake. Nifanyeje?" Nikamwambia auze.

Mnunuzi ni baba mmoja mtumishi wa serikali, mwenye nyumba yake Miyuji. Alikuja na mthamini wa benki, akatusalimia vizuri, akaomba kila mpangaji aandike analipa kiasi gani na kama huchelewa. Nikamuuliza ya nini. "Nanunua ya kupangisha, dada yangu. Benki inataka kuona kodi inayoingia." Nikaandika kwamba tangu nihamie sijachelewa hata mwezi mmoja. Nikatia sahihi.

Walipokwisha kuondoka ndipo nilipoelewa. Kodi ile ile iliyokataliwa kwangu, na yangu mwenyewe ikiwa juu yake, ndiyo iliyomkamilishia yeye mkopo. Nilikaa kitandani nikitafuta wa kumkasirikia, nikamkosa. Yule baba hakuniibia. Dada wa benki hakunitukana. Mama Mwaja alipoondoka alilia, akaniachia chungu chake cha mlenda.

Sasa mwenye nyumba mpya anasema atakarabati, kile chumba cha mbele atakigawa viwili, na baada ya Pasaka kodi inapanda. Anayeweza abaki. Kama nitaweza, sijui.

Kwa hiyo, mama, usije. Najua umeshamkabidhi wifi jiko lako, na wanajumuiya wamekuaga kwa sala na chakula. Sijui utawaambia nini. Nimelitafuta neno la kukupa uwaambie, sikulipata. Usiuze kitu ukanitumia, maana hata ukituma haitafikia kiasi benki inachotaka. Ninapolala hapaingii kitanda cha pili. Ningeweza kukulaza changu nami nikalala chini, lakini najua ungekataa, tukabishana kila siku.

Msalimie kaka Menas, asijilaumu kwa ajili ya kahawa. Msalimie baba mdogo na shangazi wa Litembo. Wifi, mkande mama magoti kwa maji ya moto, na akinyamaza baada ya kusikia haya, usimwache peke yake.

Ni mimi mwanao, niliyekuita kabla sijawa na pa kukuweka,

Skolastika