Askofu Asiyesindikizwa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimepewa uaskofu! Wa mchezo tu, lakini nani mwingine mtaa wetu wa Munyaka mzima ana tumbo la kutosha? Rev Kipyego, pasta wetu, ameuandika mchezo huo mwenyewe, wa sherehe ya kanisa Jumapili. Askofu wa Uingereza, miaka ya elfu moja mia saba na kitu. Alianza kwa kufundisha mtoto wa tajiri. Tajiri akamsemea kwa mfalme – paap, askofu! Akapewa dayosisi maskini, akaitembelea mara moja, akaona matope. Akaomba dayosisi nono, halafu nono zaidi. Siku zote yuko London na wakubwa. Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini nimeendesha lori hadi Juba. Watu kama huyo nawajua hata bila wigi.

Jumatano, 10 Septemba

Mazoezi. Niliingia na joho ambalo Mama Selpha wa Mothers Union, chama cha akina mama kanisani, amenishonea kwa pazia. Watu walicheka hadi benchi likaanguka! Nikaongeza maneno yangu: kwaherini, nyinyi wa matope! Mama Selpha akadakia, eti askofu gani anaondoka bila kusindikizwa, kwani hana watu? Hapa kwetu pasta akihamishwa tunampeleka wenyewe – nyimbo, kuku, blanketi, honi njia nzima – tunamkabidhi kule kama bibi harusi.

Rev hakucheka. Nikadhani ni tumbo linamsumbua.

Alhamisi, 11 Septemba

Si tumbo. Amenipigia simu. Niende na canter yangu, kale kalori kadogo, Jumamosi asubuhi, nibebe vyombo vyake. Anahamia kanisa kubwa la Elgon View, kwa matajiri. Nisimwambie mtu.

Nikauliza, Rev, na sherehe? Akasema msaidizi wake ataongoza. Na kusindikizwa? Akasema polepole: Oketch, hawakunihamisha. Niliomba mwenyewe. Nitapokeaje kuku wa Mama Selpha?

Huyu ndiye aliyeshinda na mke wangu hospitalini wakati mimi nimekwama mpakani Malaba. Nitamkataliaje? Nikasema sawa. Ulimi huu uliowahi kubembeleza polisi wa barabarani mpaka akanisukumia gari – leo umekosa hata utani mmoja.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Selpha ameniletea wigi ya pamba. Amenivalisha mwenyewe, akicheka. Nimemkwepa macho. Mimi!

Nimeweka mafuta ya kesho kwa canter.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa kwa usukani. Tulipakia kila kitu: kitanda, makochi, vitabu – huyu mtu ana vitabu! Akasema atanifuata nyuma na gari lake, Probox. Kwa lami nilipaswa kukata kushoto, kwenda Elgon View. Mikono ikakata kulia, kanisani.

Sasa niko uwanja wa kanisa. Akina mama walikuwa wanafunga maua ya kesho. Mama Selpha ameangalia godoro la Rev juu ya canter, akaniangalia mimi. Hakupiga kelele. Amesema tu, leteni blanketi. Na yule jogoo wangu.

Wamejipanga kumsindikiza. Wimbo umeanza, wa chini chini, sauti zinatafutana. Sijui nimemsaliti Rev au nimemwokoa. Sijui!

Probox imesimama langoni. Haiingii, hairudi. Injini inanguruma. Rev ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeshuka mteremko.

Mama Selpha amemfikia, jogoo kwapani. Anagonga kioo kwa kidole kimoja, polepole, kama mlango wa mgonjwa.

Hajakishusha.