Mama Ametoa Ushuhuda, Jeli Imekataa

Jumatatu, mtaa wa Dallas, Embu mjini. Manyunyu tangu asubuhi, nguo hazikauki, na mimi sikai wala sisimami. Nimeweka chai mara mbili na mara mbili nimeisahau ikapoa.

Wacha niseme tu. Jani la chai ukilisaga hugeuka kahawia kwa sababu ya kimeng'enya fulani, yaani protini inayoharakisha mabadiliko hayo. Kwa masomo yangu ya uzamili nilitoa jeni la kimeng'enya hicho kwenye majani ya shamba la mama, Kibugu, nikalipandikiza kwa bakteria ili wanitengenezee kimeng'enya chenyewe. Kisha nikabadilisha herufi moja tu ya jeni, nione kama rangi itaacha kugeuka.

Ijumaa, kichupa cha jeni la asili kiligeuka kahawia. Kile cha jeni nililobadilisha kikabaki cheupe. Wueh! Niliruka mpaka Kendi, ninayefanya naye kazi maabara, akanishika mkono: "Pole pole, wewe. Hujapima kama protini iko."

Sikumsikia. Nilikuwa tayari nampigia mama.

Na mama naye hakungoja. Jana alisimama kanisani wakati wa ushuhuda, akasema Mungu amemfunulia binti yake siri ya chai. Wakapiga makofi na vigelegele. Ni watu wale wale waliomwambia anapoteza msichana kwa kumsomesha wadudu wa chupa. Alinisimulia kwa simu akicheka, na aki sijamsikia akicheka hivyo tangu baba atuache.

Leo nimeendesha jeli, kipimo cha maabara kinachoonyesha protini kama mistari. Upande wa jeni la asili, mstari mnene. Upande wangu, hakuna kitu.

Bakteria hawakutengeneza chochote.

Kwa hivyo kichupa hakikugeuka rangi kwa sababu hakikuwa na kimeng'enya, si kwa sababu ya akili yangu. Naona aibu mpaka masikio yanachoma. Kendi hata hakunicheka, na hiyo ndiyo imeniuma zaidi.

Jioni nimempigia mama. Nimemweleza yote.

"Ulinidanganya ama ulikosea?"

"Nilikosea, Mami. Nilikimbilia kusema."

"Haya. Jumapili uje, usimame wewe. Mimi nitasimama kando yako."

Tangu hapo nazunguka chumba hiki. Kesho nitawaotesha bakteria upya, safari hii kwenye baridi kidogo, labda watakubali. Hiyo naiweza. Lakini Jumapili nitaanzaje? Bwana asifiwe, ile habari mliyoipigia makofi, bado?