Bomba la Tope Nililoligeuza

Vanga, Jumatano, mwaka wa pili wa Uhuru

Leo kumeshinda jua la kuchoma, na upepo hakuna. Nilijifungia ndani tangu asubuhi hadi alasiri. Nimewaambia watu kwamba kichwa kinaniuma, na hata hilo ni uongo. Sikuwa na uso wa kutoka nao nje.

Niandike yote, nisijifiche tena.

Miezi mitatu sasa nafanya kazi kwa Daktari, mzungu anayechunguza tope la mikoko. Si daktari wa sindano. Huyu ni wa elimu ya ardhi. Bomba refu la chuma hushindiliwa chini hadi likazama, kisha tunalivuta likiwa limejaa. Anasema tope hujipanga lenyewe, la zamani chini, la juzi juu, na ukilisukuma litoke zima utaisoma miaka kwa mpango wake. Anachokitafuta hasa ni habari za barafu ya kwenye ncha za dunia. Zamani za kale ilikuwa nyingi mno, maji yakafungika huko, na bahari yetu ikawa chini sana. Ilipoyeyuka, bahari ikapanda, ikaifunika mikoko ya wakati ule. Kwa hiyo barafu ya huko mwisho wa dunia imeacha alama zake hapa Vanga, katika tope tunaloliosha miguuni kila siku. Barafu yenyewe mimi nimeiona Mombasa tu, sandukuni kwa muuza samaki.

Kazi yangu ni kalamu na daftari. Zamani kalamu hiyo angeishika kijana wa kizungu. Sasa naishika mimi, na nimeringa nayo, Mungu anisamehe. Wachukuzi ni saba, wote watu wa hapa hapa, na mkubwa wao ni Ami Hamisi, mdogo wake marehemu baba yangu. Ndiye aliyenilea.

Jumamosi tulitoa bomba refu kuliko yote. Daktari alikuwa kambini. Agizo lake ni kwamba nifunge kitambaa chekundu upande wa juu kabla bomba halijalazwa. Vitambaa nilikuwa nimevisahau, na maji yalikuwa yanajaa, basi nikapiga chaki. Nikaona inatosha.

Wachukuzi wakalibeba kama wanavyojua kubeba kitu kirefu cha kuheshimiwa, yaani kama jeneza. Kila mmoja alitaka bega lake lipate zamu. Wakawa wanapokezana, wa nyuma akipita mbele, mmoja akaanza hata tahlili, wenzake wakamnyamazisha. Penye mikoko iliyosongamana wakaligeuza na kuligeuza tena ili lipite. Mimi nilikuwa nyuma, nacheka. Tulipotokea mchangani, chaki yote ilikuwa imehamia kwenye mabega yao.

Ami Hamisi akainama, akanusa upande mmoja, kisha wa pili.

"Mwanangu, juu ni huku. Huku kunanuka majani ya juzi."

Nami nilimjibu mbele ya wenzake wote. "Ami, hii ni sayansi, si kunusa samaki."

Wawili watatu walicheka. Nikapiga chaki upya upande ule mwingine, kwa sababu nilikumbuka, au nilijidai kukumbuka.

Siku mbili Daktari hakula vizuri. Tope lilimwambia bahari ilishuka wakati ambapo kwingine kote ilipanda, kwamba barafu iliongezeka pale pale ilipotakiwa iwe inayeyuka. Alikwisha kuanza kuwaandikia wenzake wa kwao. Jana asubuhi akakuta mzizi mchanga wa mkoko, mbichi kabisa, mahali palipotakiwa pawe pa kale kuliko pote. Akatuita sote, akauliza ni nani aliyeligeuza bomba.

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe.

"Ni Hamisi. Alinihakikishia juu ni kule."

Sikusema hata Ami. Nilimtaja hivyo hivyo, Hamisi, kavu, kama rika langu.

Ami aliniangalia kidogo tu. Angeweza kuniumbua pale pale, maana wale wachukuzi sita wengine walikuwa mashahidi. Badala yake akamgeukia Daktari, akasema, "Huenda ni mimi, Bwana. Macho yamekwisha." Na kwa kuwa yeye amesema hivyo, wale sita wakafunga midomo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kuachishwa kazi. Daktari akanipiga bega, akasema ataniandikia barua nipelekwe Mombasa nikasomeshwe kazi hii.

Nilisema asante.

Leo alasiri nilijikaza nikaenda kwa Ami. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kama siku zote, mkewe akaniletea uji. Nikaanza kuomba radhi, nikalia, nikayasema yote ambayo yeye anayajua kunishinda. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Na ukifanya tena, nitakusitiri tena, kwa kuwa wewe ni mtoto wangu. Basi usije kutubia kwangu. Kwangu ni rahisi."

Nimerudi na maneno hayo na hayanitoki. Nilidhani nimekwenda kufanya jambo gumu.

Nilipofika nyumbani nikawaza nimwambie Daktari faraghani kesho, baada ya kazi, taratibu, kwa Kiingereza changu kizuri. Hapana. Hiyo ni hila nyingine. Ami nilimvunjia heshima mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nitasema, kwa Kiswahili kwanza. Barua ya Mombasa na iende inakokwenda.

Najijua lakini. Nikilala, asubuhi nitaamka na sababu. Kwa hiyo magharibi hii nimepita nyumba kwa nyumba, nikawaambia wale sita wafike kambini kesho mapema, nina neno la kusema.

Wote wamekubali. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ni neno gani.