Bamba la Ombeni Limepoa

Ashraf, Ombeni wetu kaharibu. Naandika na bado siamini.

Lile bamba la kufungia chaki, ile taya inayoshika chuma, kwenye mashine ya kukereza, alilohangaika nalo wiki nzima. Likikaa sawa, Mzee Yahaya anamwachia mashine, yeye anarudi kwao Tanga kupumzika. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Mzee akamwambia, "Acha chuma kipoe ndipo upime." Unamjua Ombeni. "Mzee, mkono wangu haungoji upepo wa Tunduma!"

Akapima kingali moto wa kukerezwa. Kingali moto, Ashraf! Akakereza mpaka chaki ikaingia na kukaza kabisa. Tukampigia makofi.

Tumerudi kutoka kunywa chai, bamba limepoa, limesinyaa. Chaki inacheza kama jino bovu. Na chuma kingine cha unene ule hakuna, hata Nakonde ng'ambo ya mpaka tulishatafuta.

Mzee hakufoka. Bora angefoka. Kasema tu, "Mashine nitaitafutia mtu mwenye subira, mwanangu," akavaa koti akaondoka.

Sasa hivi Ombeni kalianika bamba juani, kama mahindi, ati litanuke tena. Kila mara analigusa kuona kama limepata moto. Nimekaa pembeni yake, nakuandikia.