Shali Iliyorudishwa Ubalozini

Nyumba ya Wageni ya Serikali
4 Machi

Mke wangu mpenzi,

Hujambo? Bonge hajambo? Jino limeshatoka, au bado anatafuna kola za watu? Mimi mzima, ila miguu inauma kwa kusimama.

Mazungumzo bado yanaendelea, na sisi wahudumu hatutoki mpaka turuhusiwe. Barua anabeba dereva wa waziri. Balozi wa mashariki anataka treni za askari wake zipite kwenye daraja letu kwenda vitani. Balozi wa magharibi anasema ikipita hata moja, ndege zao zitalipiga hilo daraja. Waziri wetu anawaambia wote wawili kwamba sisi hatuna upande, halafu anaagiza chai. Na chai yenyewe ni kazi. Mimi namhudumia wa mashariki, mwenzangu wa magharibi, na lazima tumimine kwa pamoja, vikombe vya aina moja, viti vya kimo kimoja. Juzi mmoja alipata biskuti ya ziada, kikao kikasimama. Wana wivu hawa kuliko wake wenza.

Mkalimani wa mashariki, dada mmoja mchangamfu, amempa Bonge shali ya sufu. Mkalimani anasema kwao watoto hufunikwa hivyo. Mkalimani alicheka sana nilipomweleza kwa nini mtoto anaitwa Bonge. Shali nimeitia kwenye mfuko wa hapa kazini, dereva atakuletea pamoja na barua hii.

Nawawaza, mnavyokaa karibu na daraja.

Mumeo,
Baba Bonge


Nyumbani
9 Machi

Mume wangu,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima. Jino limetoka, la chini, na limeshanionja.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Mkalimani mchangamfu, mkalimani anasema, mkalimani amecheka. Mimi nimetajwa pamoja na daraja. Miguu inakuuma kwa kusimama, lakini kuchekesha watu huchoki. Hapa nyumbani ulikuwa unarudi umechoka hata kusema.

Hiyo shali inanukia manukato. Nilimfunika mtoto, nikainama kumbusu, nikaona kama nambusu mwanamke nisiyemjua. Nikaitoa. Nikaikunja vizuri, maana sikulelewa vibaya, nikairudisha kwenye mfuko wake, nikambeba Bonge mgongoni mpaka ubalozini kwao huyo mkalimani. Mlinzi wa getini akaniuliza, "Dada, unaleta au unachukua?" Nikamwambia, "Narudisha. Waambie wakubwa zako hatutaki vitu vyao." Akautazama mfuko, akasimama wima kama ameona jenerali. Sikuelewa kwa nini, ila niliondoka moyo mweupe.

Usinikasirikie. Nakupenda mpaka nakuwa mjinga.

Mkeo,
Mama Bonge


Nyumba ya Wageni ya Serikali
13 Machi

Mke wangu,

Salamu ni nyingi lakini moyo wangu haujatulia. Mfuko ule una muhuri wa wizara. Kwao wale, aliyerudisha zawadi ni serikali.

Leo balozi wa mashariki aliuweka mezani mbele ya waziri. Akasema, "Kumbe mmeshachagua upande." Ametupa mpaka Jumamosi: treni ziruhusiwe, la sivyo zitapita kwa nguvu. Wa magharibi alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Waziri akauliza mfuko umetoka wapi. Mimi nimesimama na birika mkononi. Nikasema, "Ni mke wangu, mheshimiwa. Ana wivu."

"Wivu na nani?"

Nikaonyesha kwa macho. Na mkalimani ikabidi ayatafsiri yote, ndiyo kazi yake. Aliyatafsiri huku ameinamia karatasi zake, sauti inazidi kushuka.

Balozi hakusadiki. Anasema hajawahi kuona serikali inayojificha nyuma ya mke wa mhudumu. Anataka akusikie mwenyewe. Kesho dereva atakufuata na gari. Njoo na Bonge. Sema kilichotokea, usitie chumvi.

Mumeo,
Baba Bonge


Nyumbani
17 Machi

Mume wangu,

Hujambo? Tulifika salama, Bonge alilala njia nzima. Pale hatukupata hata nafasi ya kusalimiana, wewe umesimama ukutani na birika kama hunijui, kwa hiyo nakuandikia.

Ulinisikia, lakini acha niyarudie, maana sijui wakati ule ulikuwa unamtazama nani. Balozi aliuliza nani amenituma. Nikasema, "Wivu ndio umenituma. Niliyemrudishia shali ni huyu dada anayekutafsiria." Naye akatafsiri, jamani, neno baada ya neno, hata mimi nikamwonea huruma kidogo. Balozi akauliza kama nina ushahidi. Nikasema ningekuwa nao nisingerudisha shali, ningerudisha mume. Waziri akakohoa. Balozi akacheka mpaka akafuta macho, akasema hata mke wake, kwa wivu, aliwahi kuyamwagia maji ya moto maua ambayo yeye balozi aliletewa na mwanamke mmoja. Basi Jumamosi yake akaifuta.

Wao wameridhika kwamba hakuna kitu kati ya serikali yetu na upande wa pili. Mimi ndiye niliyetoka sijaridhika. Maana kabla sijatoka, ulimpelekea yule dada chai. Ukatia sukari, ukakoroga, ukageuza kikombe mshikio ukae kushoto kwake. Kumbe anatumia mkono wa kushoto. Balozi ulimuuliza anataka sukari kiasi gani. Yeye hukumuuliza.

Niambie ukweli.

Mkeo,
Mama Bonge


Nyumba ya Wageni ya Serikali
28 Machi

Mke wangu,

Hamjambo? Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena.

Hakuna kilichofanyika kati yetu. Lakini najua hilo silo uliloniuliza. Hapa nasimama kutwa, watu wananinyooshea vikombe bila kuniangalia. Yeye peke yake husema asante na kunitazama usoni. Nikajikuta naingoja saa ya chai. Ndivyo ilivyo.

Treni hazijapita na ndege hazijaja. Mkalimani ananiambia balozi wake yuko tayari kunichukua kwao, niwe mhudumu wa nyumba yake, wakimaliza hapa. Sijajibu.

Mumeo,
Baba Bonge


Nyumbani
31 Machi

Mume wangu,

Nakusalimu, na mtoto anakusalimu kwa kelele zake. Wazima sote, ukiacha macho yangu.

Barua yako nimeisoma nimekaa mlangoni. Nimemwonea wivu mtu kwa neno asante. Mimi nilidhani nikikupigia shati pasi, asante yangu umeisikia. Kumbe hukuisikia. Basi nitaisema kwa mdomo, na usoni nitakutazama.

Lakini na wewe, "sijajibu" ni jibu gani hilo? Waziri akisema hana upande tunamshukuru, maana daraja limesimama na mtoto analala. Nchi ndogo katikati ya wakubwa wawili ifanye nini? Wewe si nchi. Una mke, una mtoto, na mimi sikupi ruhusa ya kukaa katikati.

Dereva ananiambia Jumapili mtaruhusiwa kutoka. Usinijibu kwa barua. Nitavaa gauni la kijani, nitapika vya kututosha sote. Wivu nitakuwa nao, siwezi kuuacha ghafla kama kuvua kiatu. Utanikuta nao hivyo hivyo.

Ila njoo.

Mkeo,
Mama Bonge